Sauti Yenye Kiraka

Lugha yetu ina neno moja kwa vyombo viwili. Kipaza sauti ni kile anachokishika mwimbaji mkononi, na kipaza sauti ni kile kilichofungwa juu ya mnara wa msikiti au pembezoni mwa jukwaa. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa ni upungufu, wakataka cha kwanza kiitwe kinasa na cha pili ndicho kibakie na jina la kipaza. Mafundi hawana ugomvi nalo. Chukua spika ndogo ya redio mbovu, nyaya zake uzifunge mahali pa kuingilia sauti badala ya mahali pa kutokea, kisha uzungumze mbele yake: itakusikia, na maneno yako yatatokea kwengine, hafifu lakini yenye kufahamika. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba iliyoning'inia katika pengo la sumaku. Ukiipitishia umeme hutikisika, na ukiitikisa huzaa umeme. Kinachosema na kinachosikia ni kitu kimoja, na lugha, pasi na kukusudia, ilipatia. (Iwapo kanuni hii inamhusu pia Spika wa Baraza, hilo nawaachia wanasiasa.)

Nimeanza na neno kwa sababu suala ninalotaka kulizungumza nalo limejificha ndani ya neno. Tunasema spika imeharibika, kisha tunasema imetengenezwa. Kutengeneza, kwa Kiswahili, ni kukiunda kitu ambacho hakikuwepo, na ni kukirejesha kilichoharibika katika hali yake. Seremala hutengeneza kiti kipya, na hutengeneza kiti kilichovunjika mguu, na tofauti baina ya kazi hizo mbili haimkoseshi mtu usingizi. Lakini chombo ambacho kazi yake ni kutuletea sauti ya mwanadamu, na aghalabu ya mwanadamu ambaye hayupo tena, hakiko katika hukumu ya kiti. Aliyekitengeneza amewarejeshea wenyewe sauti yao, au amewaundia nyingine?

Umbo la spika tunayoijua lilielezwa mwaka 1925 na wahandisi wawili wa kampuni ya General Electric ya Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, na kwa asili yake halijabadilika hadi leo. Kuna fremu ya chuma. Nyuma yake sumaku. Mbele koni, aghalabu ya karatasi. Na katika kitovu cha koni ile koili niliyoitaja. Koni hutakiwa iwe huru kwenda mbele na nyuma, na papo hapo izuiliwe isiyumbe upande. Wanaoifanya kazi hiyo ni wawili: kitambaa cha mikunjomikunjo kilicho nyuma ya koni, ambacho mafundi wa Kizungu hukiita buibui, na ukingo laini unaoizunguka koni kwa mbele na kuishikiza na fremu. Ukingo wa raba au wa kitambaa kilichopakwa dawa huishi miaka mingi. Spika nyingi za majumbani za miaka ya 1970 hadi ya 1990, hata hivyo, zilitiwa ukingo wa sponji, kwa kuwa sponji ni nyepesi na huiachia koni itembee kwa ulaini. Na sponji huoza.

Huoza hata isipoguswa. Unyevu wa hewa, mwanga na ozoni huivunja kidogo kidogo, na katika muda wa miaka 10 hadi 20 aghalabu huwa imegeuka kitu cha kunata, au unga unaobakia kidoleni ukiigusa. Sisi wa visiwani, ambao hewa yetu haikauki mwaka mzima, hatuna sababu ya kutarajia ukomo wa juu wa hesabu hiyo. Chumvi nayo hushughulika na ncha za nyaya, ikazivisha kutu ya kijani. Mwenye nyumba haoni lolote, kwani mbele ya spika pana kitambaa cha kuzuia vumbi, na nyuma ya kitambaa uharibifu hufanya kazi yake kwa faragha. Siku anapokivua ndipo hustaajabu: koni imesimama peke yake katikati ya fremu, haikushikwa na kitu ila na yule buibui wa nyuma, na bado inaimba.

Kubadilisha ukingo ni kazi inayoweza kufanyika barazani. Haitaki nguvu, inataka mtu asiyekuwa na miadi. Kwanza sponji ya zamani hubanduliwa, na gundi kuukuu ikakwanguliwa kwenye fremu na kwenye mzingo wa koni, kwa kisu butu na pamba iliyochovywa katika spiriti. Hapa ndipo wenye pupa wanapoichana koni, kwani karatasi ya miaka 30 haivumilii kucha. Ukingo mpya hujaribiwa kwanza ukiwa mkavu. Ukishakubali, hugundishwa kwenye koni, ukaachwa ushike. Na ndipo unapofika wakati mgumu, wa kuugundisha kwenye fremu. Koili inapita katika pengo ambalo baina yake na sumaku halifiki milimita moja kwa kila upande. Koni ikikauka imeinama kidogo tu, koili itakwaruza maisha yake yote. Wapo wanaofungua kikofia cha katikati na kutia vipande vya karatasi kuizunguka koili ili isiyumbe mpaka gundi ikauke. Wengine hawakifungui, huibonyeza koni kwa ncha za vidole vya mikono miwili, taratibu, huku wakisikiliza kama kuna mkwaruzo, na wakiusikia huisogeza kwa upana wa unywele. Hupachika vibanio vya nguo kuuzunguka ukingo. Kisha husubiriwa usiku na mchana, saa 24, na katika muda huo hakuna aruhusiwaye kuuliza "bado tu?"

Liko jaribio jengine, dogo, ambalo halitaki chombo chochote ila betri ya volti 1.5. Ukigusisha ncha zake kwa nukta moja na ncha za spika, chanya kwa chanya, koni huruka mbele. Ukizibadilisha, hurudi nyuma. Jaribio hili si mchezo wa watoto. Spika mbili za chumba kimoja zikifungwa kinyume, moja ikisukuma hewa wakati mwenziwe anaivuta, sauti nzito hutoweka katikati ya chumba kana kwamba imemezwa. Ukiisikiliza kila moja peke yake, hakuna iliyo na kasoro. Nimekwisha kuona watu wakilaumu kanda, wakalaumu amplifaya, wakalaumu hata mpiga dufu, ilhali waya mbili tu ndizo zilizopishana.

Hadi hapa tuko katika ufundi, na ufundi una majibu. Maswali yasiyokuwa na majibu mepesi huanza gundi inapokauka. Ukingo mpya haufanani sawasawa na ule wa awali, hata uwe umetoka katika kiwanda kile kile. Ukiwa mgumu zaidi, sauti nzito hupungua. Ukiwa mlaini zaidi, huzidi. Hata ukingo wenyewe hubadilika katika saa zake za mwanzo za kazi, kama kiatu kipya kinavyozoea mguu. Kwa hiyo fundi mwaminifu kabisa, aliyefuata kila kanuni, huweka mezani spika ambayo si ile iliyotoka dukani na wala si ile iliyokuwa ikisikilizwa jana.

Yametokea haya katika nyumba moja ya Ng'ambo ambayo sitaitaja. Bibi mwenye nyumba ni mjane wa mpiga fidla. Marehemu aliacha kanda alizojirekodi mwenyewe sebuleni, akipiga peke yake na mara nyengine akiimba kwa sauti ya chini, na kwa miaka mingi bibi akizisikiliza baada ya sala ya isha kwa redio kubwa yenye spika mbili za mbao. Mjukuu wake, kijana mwenye mkono mzuri, aliziona spika zile zilivyokwisha. Zile kubwa zilikuwa hazina ukingo, na zile ndogo za sauti nyembamba, ambazo mafundi wetu huziita twita, zilikuwa zimekufa zamani bila ya mtu kujua. Akazifungua, akazitengeneza kwa ustadi wote, akaiweka kanda na kumwita bibi yake.

Bibi alisikiliza upande mzima wa kanda. Kisha akasema: "Ahsante, mjukuu wangu, kazi yako nzuri. Lakini mimi nilikuwa nikimsikia yuko mbali. Leo umemleta karibu mno. Namsikia hata anavyovuta pumzi, na kiti kinavyolia."

Kijana akasema: "Bibi, hivyo ndivyo alivyokuwa. Vyote hivyo vimo ndani ya kanda."

"Najua vimo. Mimi ndiye niliyekuwamo ndani ya chumba."

Akauliza kama aziondoshe zile twita mpya. Bibi akamwambia aziwache, spika zimependeza, na wageni watafurahi. Ila yeye, usiku, amwekee ile redio ndogo ya jikoni.

Nimekisimulia kisa hiki kwa watu kadhaa, na wamegawanyika. Kundi moja husema kijana amepatia na bibi amezoea tu. Kanda ni shahidi. Spika mbovu ilikuwa ikiuficha ushahidi. Kuitengeneza ni kumwachia shahidi aseme. Kundi la pili husema sauti ya marehemu, kwa maana ya kile kilichokuwa kikiishi katika nyumba ile kwa miaka 20, ilikuwa ndiyo ile ya mbali, yenye ukungu, na kijana ameiua pasi na ruhusa. Kila kundi lina haki fulani, lakini yote mawili yanategemea dhana ambayo mimi siikubali, nayo ni kuwa kulikuwepo wakati mmoja ambapo sauti ilikuwa katika hali yake halisi, na kwamba fundi hupimwa kwa umbali alio nao na wakati huo.

Tuitazame dhana hiyo kwa mfano ambao kila mpenda taarabu anaujua. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 na santuri zake zikaenea pwani nzima. Waliozisikiliza mwanzo walizisikiliza kwa gramafoni za kuzungusha kwa mkono, zenye sindano na pembe, bila ya umeme wala spika ya aina tunayoizungumza. Sauti nzito haikuwemo kabisa, na nyembamba mno haikuwemo pia. Hata hivyo, waliomsikia walimtambua. Waliofuata wakamsikia kwa redio, wajukuu zao kwa kaseti, na leo yumo ndani ya simu. Je, Siti wa kweli ni yupi? Akisema mtu kuwa wa kweli ni yule aliyesimama mbele ya mashine kule Bombay, namjibu kuwa huyo amefariki mwaka 1950 na hakuna spika iwezayo kumrejesha. Kilichobakia ni alama ndani ya mfereji wa santuri, na alama haina sauti mpaka ipate kinywa cha mtu mwengine.

Sikio nalo si kadhi wa kutegemewa peke yake. Baina ya mwaka 1915 na 1925 kampuni ya Edison ilifanya maonyesho katika miji ya Marekani, mwimbaji akisimama kando ya mashine, taa zikizimwa, na watazamaji wakiulizwa waseme ni lini anaimba mtu na ni lini inaimba mashine. Wengi walikiri kuwa hawakuweza kutofautisha. Tukizisikiliza mashine hizo leo tunacheka. Haikuwa kwamba masikio yao yalikuwa mabovu kuliko yetu. Walikuwa wameyazoeza kukijazia kilichokosekana, nasi tumeyazoeza vyetu. Wajukuu zetu watacheka vilevile.

Na kuna wale ambao kwao uharibifu wenyewe ndio sauti. Mwaka 1964 Dave Davies wa bendi ya Kinks ya Uingereza aliikata koni ya spika yake kwa wembe ili gitaa lake lingurume, na mngurumo huo ukaingia katika muziki wa dunia nzima. Karibu nasi zaidi, kundi la Konono Nº1 la Kinshasa lilizikuza sauti za likembe kwa vinasa vilivyoundwa kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu, na kuzipitisha katika vipaza sauti vilivyokwaruza. Walipotoa albamu ya Congotronics mwaka 2004, mikwaruzo ile ndiyo iliyowavutia wasikilizaji wa ng'ambo. Fundi mwenye bidii angeliwafika siku moja na gundi yake, akawatengenezea, angeliwaachia nini?

Kwa hiyo sisemi kuwa kijana wa Ng'ambo alikosea kuzitengeneza. Spika zile hazikuwa zimesimama mahali pamoja zikingoja hukumu. Zilikuwa zikiendelea kuoza, na mwaka mmoja au miwili mbele koili ingekwaruza, ikaungua, na bibi asingemsikia marehemu kwa mbali wala kwa karibu. Hili huwa tunalisahau tunapomlaumu mtengenezaji. Uchakavu huibadilisha sauti kila siku, wala haumshauri mtu, na kwa kuwa unakwenda polepole hakuna anayeupeleka mahakamani. Mtengenezaji hufanya kwa siku moja mabadiliko ya miaka 20, kwa upande wa pili, na anashitakiwa papo hapo. Mizani hiyo si ya haki.

Ila nina neno na kijana huyo, nalo ni lile alilolisema: "Hivyo ndivyo alivyokuwa." Hapo amedai zaidi ya alichokuwa nacho mkononi. Alichokuwa nacho ni ukingo mpya, twita mbili za kununua zisizokuwa za kiwanda kile, na masikio yake mwenyewe, masikio ya mtu aliyezaliwa baada ya marehemu kuondoka. Ameitia sauti kiraka, na kiraka ni kitu cha heshima, maana nguo yenye kiraka huvaliwa. Alipokiita kiraka kuwa ndiyo nguo ya asili, ndipo alipomnyima bibi yake haki ya kusema kuwa anaiona mishono.

Wasomaji wa mashairi hawahitaji kuelezwa sana jambo hili, kwani wanakili wetu walilijua zamani. Mnakili wa utendi, aliyekuwa na mswada wa hati za Kiarabu uliotobolewa na mchwa, alikuwa na msaada ambao fundi spika pia anao: umbo lenyewe lilimwongoza. Kipande cha utendi kina mizani nane na kina cha kungojewa, kama vile koni ilivyo na pengo lake la kupita, na neno lililoliwa liliweza kukisiwa. Wako waliolijaza na kuendelea bila kusema, wakatuachia beti safi ambazo hatujui nusu yake ni ya nani. Wako walioacha nafasi wazi. Na wako walioandika kisio lao pembeni ya ukurasa. Tunapomkumbuka Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, mnakili aliyekuwa papo hapo mshairi, mchongaji na mpiga muziki, tunamkumbuka mtu ambaye mkono wake unaonekana katika kila alichokigusa. Mashairi ya Muyaka bin Haji nayo, aliyefariki mwaka 1840, yametufikia kwa kukusanywa baadaye na Mwalimu Sikujua na Taylor kutoka katika vinywa vya watu, na hakuna anayetuapia kuwa kila neno ni la Muyaka. Hatuwatupi wanakili hao. Tunataka tu kujua mkono wa nani ulipita wapi.

Anayetengeneza nyumbani ana haja kubwa zaidi ya kulizingatia hili kuliko fundi wa dukani. Fundi wa dukani ana mteja, na mteja atarudi na spika yake kwapani ikiwa haikumridhisha. Fundi wa nyumbani ndiye mdai, ndiye mdaiwa na ndiye kadhi. Hutengeneza, husikiliza, na hujihukumia, usiku, peke yake, akiwa amechoka na akitaka kazi iwe imekwisha. Ndiyo maana mimi huona ni wajibu amwite mtu wa pili kabla hajaanza, si baada ya kumaliza, na amsikilizishe kanda ile ile katika ubovu wake, amuulize: ni nini humu unachokipenda? Mara nyengine jibu litamshangaza. Na ikiwa spika moja ndiyo iliyooza, aitazame na ya pili, kwani ni pacha wake kwa umri, na kumpa mmoja koo jipya na mwengine akawachwa na la zamani ni kukigawa chumba.

Siku hizi hata fursa ya kuulizana imepungua. Spika ndogo zinazoletwa kwa wingi, zenye betri ndani na zisizotaka waya, aghalabu zimegundishwa mwili mzima. Hazina skrubu, na mwenye kuzifungua huzivunja. Zikichakaa hutupwa, na hapo suala la uaminifu wa mtengenezaji halizuki. Nisingependa mtu aone hiyo kuwa ni nafuu. Kitu kisichoweza kutengenezwa hakina wa kukijibia.

Spika za miaka ile zina nyuma yake sumaku pana, nyeusi, ya duara, mahali ambapo hapaonekani na mtu ila atakayeifungua tena. Pale pana nafasi ya kutosha kuandika kwa rangi nyeupe au kwa penseli juu ya kipande cha karatasi ya gundi. Tarehe, ukingo umebadilishwa, twita si ya awali, kikofia kimefunguliwa na kurudishwa, jina. Baadhi ya mafundi wa zamani walifanya hivyo, na nimefurahi kila nilipokutana na mwandiko wao ndani ya sanduku la mbao, chini ya vumbi. Yule kijana wa Ng'ambo sasa ameandika lake. Bibi yake alimtaka asome kwa sauti alichokiandika, akamsikiliza, na akamwambia aongeze siku ya mwezi wa Kiislamu.